Hadubini ya kwanza ya mtoto: nichukue ipi kabla sijapigwa?

#1 Baba Siafu

Salaam wakuu. Nina binti wa miaka minane. Mwaka jana alikuwa anaokota mawe, mwaka huu kahamia kwa wadudu. Juzi nafungua droo ya soksi nakuta kisanduku cha kiberiti, ndani mna mguu wa panzi, bawa la nzi, na kitu cha tatu ambacho mpaka leo nyumba nzima hatujakubaliana ni nini. Namuuliza vya kazi gani, ananijibu, "Vinasubiri hadubini." Hakuna aliyemwahidi hadubini. Kajiahidi mwenyewe.

Nimeingia mtandaoni kutafuta, nimetoka kichwa kinaniuma. Kuna ya plastiki, imeandikwa inakuza mara 1200. Kuna ya chuma, nzito, mwisho wake mara 400, na bei yake ni ya kusoma ukiwa umekaa. Kuna nyingine ya macho mawili, inakuza mara 20 tu, nayo ghali vilevile. Hesabu niliyosoma mimi inasema 1200 ni kubwa kuliko 400. Imekuwaje inayokuza kidogo ndiyo ya bei? Waliokwisha kununua wanifumbue macho.

#2 Kobe Mjini

Chukua ya 1200. Mtoto hajui tofauti, na mwakani atakuwa kahamia kwenye baiskeli. Uzi ufungwe.

#3 Nzi wa Maabara

Usifungwe. Kazi yangu ni maabara, nakaa na chombo hiki kutwa, niruhusuni niseme.

Kukuza ni jambo moja, kupambanua ni jingine. Piga picha ukurasa wa gazeti ukiwa mbali, halafu uivute kwa vidole kwenye simu. Herufi zinakuwa kubwa, lakini husomi kitu, unaona ukungu wenye pembe. Umekuza, hujapambanua. Ndicho kinachofanyika kwenye hiyo 1200: unachukua lenzi ya jicho ya mara 20, unaiweka juu ya lenzi ya chini ya mara 60, unazidisha, unapata namba nzuri ya kupambia boksi.

Hadubini ya kweli, lenzi yake ya chini huwa na namba mbili ubavuni, mathalani 40/0.65. Ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili inakwambia lenzi inakusanya mwanga kwa upana gani, na hiyo ndiyo inayobeba uwezo wa kupambanua. Izidishe kwa 1000: 0.65 inakupa 650. Ukipita hapo unavuta ukungu. Hata hadubini nzuri za mwanga tunazotumia kazini hazitenganishi vitu vilivyokaribiana kuliko mikroni 0.2 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa sababu mwanga wenyewe ndio umefika mwisho.

Lenzi ya jicho ya 10, na za chini za 4, 10 na 40, zinakupa 40, 100 na 400. Kwa mtoto zinatosha na kubaki. Lenzi ya chini isiyo na ile namba ya pili, irudishe mezani.

#4 Mama Wawili

Nakazia #3, tena kwa machozi. Sisi tulinunua ya boksi lenye rangi zote za upinde wa mvua. Shingo inatikisika: ukigusa gurudumu la kurekebishia picha inahama, ukiachia inakwenda kusimama pengine. Taa yake unajiuliza imewaka au umeme umekatika. Mwanangu alichungulia wiki nzima, akatuambia ameona msitu mweusi unapepea. Tukafurahi, tukampiga picha na hadubini yake, tukaituma kwa ukoo mzima.

Zilikuwa kope zake.

#5 Kobe Mjini

Nimecheka mpaka nimeulizwa kuna nini.

#6 Tai Mlalo

Samahani wakuu, kwani hadubini na darubini si kitu kimoja? Mimi ningemchukulia ya kuonea mwezi.

#7 Mzee Kioo

Mtaani zote huitwa darubini wala hakuna anayeshtakiwa. Ila darubini ni ya mbali, neno lenyewe ni la Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Hadubini ni ya vitu vidogo. Ukiagiza mtandaoni andika sawasawa, usije ukaletewa ya mwezi wakati mtoto anasubiri siafu.

#8 Mwalimu wa Zamu

Baba Siafu, mbona hakuna aliyekuuliza mtoto anataka kuangalia nini? Umesema mwenyewe: wadudu. Basi hiyo ya macho mawili ya mara 20 ndiyo yake, na wanaokusukuma kwenye 400 wanakupoteza.

Hadubini ya kawaida inapitisha mwanga kutoka chini, unapenya sampuli, unafika jichoni. Sampuli lazima iwe nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Weka kichwa cha siafu mzima pale kwenye mara 400: utaona giza lenye ukingo. Halafu lenzi ya 40 inakaa juu ya kioo kwa nafasi ya nusu milimita na ushee, huingizi hata sindano. Na picha iko juu chini: ukisukuma kulia, inakimbia kushoto.

Ile ya macho mawili inamulika kutoka juu, picha imesimama wima, na chini ya lenzi pana nafasi ya sentimita kumi hivi. Mtoto anaingiza mkono na kibano, anamgeuza mdudu huku anaangalia. Na kwa kuwa kila jicho lina njia yake, anaona kina. Jicho la nzi kwenye mara 30 linaonekana kama mpira uliosukwa. Hakuna kukata, hakuna kupaka rangi, hakuna kioo cha kuvunja. Nimewaona watoto wa miaka sita wakiitumia bila msaada dakika ya tatu tu.

#9 Nzi wa Maabara

Mwalimu, hoja nzuri, lakini hadubini hiyo inaishiwa mapema. Atamaliza wadudu, atasikia habari za amiba, za seli, za vijidudu. Hapo mara 30 haikufikishi. Seli ya ngozi ya kitunguu ni robo ya milimita na zaidi kwa urefu, hiyo utaikisia. Seli nyekundu ya damu ni mikroni 7 hadi 8, usahau. Mtakuja kununua ya pili.

#10 Mwalimu wa Zamu

Na ukianza na ya 400 utanunua baiskeli, kama #2 alivyotabiri.

#11 Kobe Mjini

Nimetajwa kwa heshima. Asante.

#12 Mzee Kioo

Nyote mmeruka ngazi. Mtoto wa miaka minane apewe kwanza lenzi ya mkono ya mara 10, ile ndogo inayojikunja ndani ya kifuniko chake cha chuma. Inakaa mfukoni, haitaki betri, inakwenda kwa mdudu badala ya kumleta mdudu mezani.

Ila afundishwe kuishika, maana karibu kila mtu anaishika vibaya. Si kuinyoosha mbele kama mpelelezi wa kwenye katuni. Lenzi inabanwa karibu na jicho mpaka mkono unagusa shavu, halafu kile kitu ndicho kinachosogezwa taratibu kuelekea kwenye lenzi hadi kitulie, umbali wa sentimita mbili na nusu hivi. Ukifanya hivyo unga wa chavua unauona punje punje. Magamba ya bawa la kipepeo yamepangwa kama vigae.

#13 Kobe Mjini

Mzee, hiyo sisi tulikuwa tunachomea karatasi.

#14 Mzee Kioo

Hata mimi, na nyasi, na siku moja daftari la dada yangu. Ndiyo maana nawaambia: hadubini zenye kioo cha chini cha kuokotea mwanga zisielekezwe kwenye jua hata kwa mzaha. Zielekezwe dirishani penye mwangaza wa kawaida au kwenye taa. Jua likipita kwenye lenzi zile linaishia ndani ya jicho la mtoto. Kama kuna uwezo, chukua yenye taa ya LED.

#15 Usiku Mwema

Naona hakuna aliyegusa zile za kuchomeka kwenye kompyuta. Sisi tunayo, familia nzima inaona kwa pamoja, mtoto anarekodi video, na hakuna kugombania kitundu kimoja. Yetu inakuza mara 1000.

#16 Nzi wa Maabara

Inakuza mara 1000 kwenye skrini ya nani? Ipime mwenyewe. Weka rula chini yake. Kama milimita 1 ya rula imejaza skrini yenye upana wa sentimita 30, umekuza mara 300 kwenye skrini hiyo. Ihamishie kwenye simu, inashuka. Ihamishie ukutani kwa projekta, ukuzaji unapanda mpaka unajisikia profesa, na undani wa picha ni uleule.

#17 Usiku Mwema

Nimepima sasa hivi. Nimenyamaza.

(Lakini bado tunaipenda. Kuangalia sufu ya soksi na ncha ya kalamu inatosha kabisa, na bibi yake mtoto haoni vizuri kwenye kitundu ila kwenye skrini anaona.)

#18 Mama Wawili

Mimi ya skrini hapana. Watoto wangu skrini wanayo ya kutosha. Nataka angalau kitu kimoja ndani ya nyumba ambacho ukitaka kuona lazima utulie na uzuie pumzi.

#19 Fundi Saa

Nafungua na kufunga vitu hivi, nimekutana na vingi vilivyokufa. Vingi havifi lenzi, vinakufa meno ya gurudumu. Meno ya plastiki yakilika, jukwaa la kuwekea sampuli linateremka lenyewe. Kabla hujalipa fanya hivi: weka sampuli yoyote, irekebishe mpaka ionekane safi kwenye lenzi ya 40, kisha ondoa mikono na uhesabu mpaka sitini. Picha ikififia yenyewe, kuna kitu kinateleza. Iache.

La pili, uliza kama lenzi zinafunguka. Za mfumo wa kawaida wa DIN zina hesi ya kipenyo cha milimita 20.32, ikiharibika moja unafunga nyingine hata kama si ya mtengenezaji yuleyule. Ile ya plastiki ikiharibika unamzika mgonjwa mzima.

La tatu ni la mtoto. Lenzi ya 40 haishushwi huku unachungulia. Unaanza na ya 4 sikuzote, unaangalia kutoka ubavuni unapoisogeza karibu, halafu ndipo unachungulia na kurudi nyuma mpaka picha itokee. Nimeletewa lenzi zenye vumbi la kioo zaidi ya nilivyoweza kuhesabu, na wote wanasema "ilijivunja." Vile vioo vyembamba vya kufunikia vina unene wa milimita 0.17 hivi. Havijivunji.

#20 Pembe la Swala

Mwanangu anavaa miwani, atatumiaje?

#21 Nzi wa Maabara

Kama ni ya kutoona mbali au karibu, aivue tu, gurudumu la kurekebishia litafidia. Kama ana astigmatizimu (jicho halikupinda sawa pande zote) abaki nayo, gurudumu halisaidii hapo.

#22 Bi Mkubwa Mdogo

Nina nyongeza kwa #8, tena ya uchungu. Tulifuata ushauri kama huo tukachukua ya macho mawili. Mtoto ana miaka mitano wakati huo. Kila akichungulia anasema anaona duara mbili. Tukamwambia hajatulia. Tukamwambia afumbe jicho moja. Ikachukua miezi kabla ya mtu kutuambia tupime umbali kati ya mboni zake: milimita 49. Chombo chetu mirija yake inabana mwisho 55. Mtoto alikuwa anasema kweli siku zote, ni sisi ambao hatukuwa tunasikia. Baba Siafu, chukua rula kwanza.

#23 Mwalimu wa Zamu

Umenisahihisha, nimepokea. Kweli ningesema hilo mwanzo. Tazameni ile namba ndogo ya upana wa macho kwenye maelezo, si ile kubwa.

#24 Baba Siafu

Nimepima. Alisogeasogea sana lakini ni kama 54. Sasa nimechanganyikiwa zaidi ya nilipofungua uzi.

#25 Kobe Mjini

Umefika nyumbani, karibu.

#26 Panya Buku

Kuna ile ya karatasi ya kukunja, Foldscope, ya Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford. Haizidi uzito wa barua, inakuza mara 2000. Maliza kazi.

#27 Nzi wa Maabara

Inayouzwa kwa kawaida ni mara 140, na inapambanua mpaka mikroni 2 hivi. Usiiongezee chumvi, hiyo 140 yake ni ya haki kuliko 1200 ya boksi la upinde wa mvua. Ina lenzi moja tu, kijiduara cha kioo kidogo kuliko punje ya mtama. Tatizo kwa mtoto mdogo ni kuishika: inabidi uisogeze hadi kope ziguse, na vidole viwili visukume karatasi kwa upole. Wa miaka kumi na kuendelea anaiweza. Wa minane, inategemea vidole.

#28 Panya Buku

Sawa mkuu, 140. Lakini ni lenzi moja kama ya yule Leeuwenhoek, aliyevumbua hadubini.

#29 Mzee Kioo

Hakuivumbua. Hadubini za lenzi mbili zilikuwapo kabla yake, na Robert Hooke alikwisha andika habari za vyumba vidogo vya gome la koki mwaka 1665, ndiko neno seli lilikoanzia. Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa pale Delft, Uholanzi. Alichokuwa nacho ni mkono. Alitengeneza vijilenzi vyake mwenyewe, kimojawapo kilichobaki kinakuza mara 270 hivi, na kwa vijilenzi hivyo akaona viumbe wa majini ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaandika. Mwaka 1683 aliandika barua kueleza uchafu aliojikwangua kwenye meno: umejaa vitu vinavyotembea.

Kila nikisikia mtu anauliza hadubini ina namba ngapi namkumbuka yule mzee. Alikuwa na 270 na meno machafu.

#30 Kobe Mjini

Mzee, hiyo ya mwisho naiweka kwenye wasifu wangu.

#31 Jirani Mwema

Mnajadili ipi inunuliwe. Swali langu mimi ni kwa nini zote zinaishia juu ya kabati. Yetu ni nzuri, ya chuma, 40/0.65 imeandikwa kama alivyosema bwana wa maabara. Imekaa ndani ya boksi mwaka wa pili.

#32 Fundi Saa

Inateleza. Kaipime.

#33 Jirani Mwema

Haitelezi.

#34 Mwalimu wa Zamu

Bila shaka ilikuja na vile vioo vilivyotayarishwa kiwandani, mguu wa nyuki, shina la mhindi, kipande cha jani. Mtoto anaviangalia vyote kumi mchana mmoja, vimekufa, havisogei, na hakuviokota yeye. Kesho anaangalia nini? Vitupe. Mpe kisu cha plastiki, kitunguu, kibano na vioo vitupu.

#35 Mama Wawili

Mimi nasema ni boksi. Kitu cha kufunguliwa, kuchomekwa, kupangwa, kurudishwa, hakiguswi. Ya pili tuliyonunua inakaa mezani karibu na dirisha, imefunikwa mfuko wa kitambaa dhidi ya vumbi. Mtoto akipata kitu ni hatua tatu amefika. Ile ya kwanza alikuwa anasema "baadaye."

#36 Nzi wa Maabara

Mimi naona ni mwanga. Watu wanawasha taa mpaka mwisho, wanaona weupe mtupu, wanakata tamaa. Seli hai ni kama kioo ndani ya maji, haina rangi. Chini ya jukwaa kuna sahani yenye matundu ya ukubwa tofauti, au kidirisha kinachobana. Kibane. Ukingo wa seli unajitokeza kama mtu aliyewekewa penseli. Nimewaonyesha watu wazima waliokuwa na hadubini miaka mingi bila kujua kile kidude ni cha nini.

#37 Bi Mkubwa Mdogo

Kwetu ilikuwa ni baba yake. Mtoto anapata kitu, baba anasema "ngoja nikurekebishie." Anakaa. Dakika ishirini. Mtoto anakwenda kucheza mpira.

#38 Baba Siafu

Nimesoma #37 mara mbili. Namjua mtu wa namna hiyo, anatumia miwani yangu.

#39 Tai Mlalo

Na mapovu je? Mimi nilisoma nikiwa mkubwa, na muhula mzima nilichora "seli" duara kabisa, zenye ukingo mweusi mnene na katikati pameng'aa. Nilizihesabu. Nilizipaka rangi. Mwalimu alisahihisha kwa neno moja: hewa.

#40 Mwalimu wa Zamu

Pole. Kioo cha kufunikia kinalazwa kama unafunga kitabu: upande mmoja ugusane na maji kwanza, halafu unaushusha mwingine polepole kwa sindano. Ukikidondosha kutoka juu unafungia hewa.

#41 Panya Buku

Kwenye kitunguu tulitumia iodini, kiini cha kila seli kinatokea kama kitone cha kahawia. Na zulia pia.

#42 Nzi wa Maabara

Iodini ikimwagika saga kidonge cha vitamini C, changanya na maji, paka. Rangi inaondoka. Methilini buluu, rangi nyingine ya kupakia seli, haikuachi hivyo, hiyo utaishi nayo. Na watoto wasijichome vidole kutafuta damu, kuna vitu vya kutosha vya kuangalia. Maji ya dimbwi yaangaliwe, mikono ioshwe baadaye.

#43 Kobe Mjini

Kwa hiyo jumla: ya macho mawili, au jicho moja, au lenzi ya mkono, au ya karatasi, au baba aondoke nyumbani.

#44 Fundi Saa

Na isiteleze.

#45 Mwalimu wa Zamu

Macho mawili.

#46 Nzi wa Maabara

Jicho moja, 400.

#47 Mzee Kioo

Lenzi ya mfukoni. Nimesema.

#48 Baba Siafu

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano, kuna waliouliza nimefikia wapi.

Nilianza na lenzi ya mkono kwa sababu ilikuwa rahisi kuipata (Mzee Kioo, usijivune). Kile kitu cha tatu kwenye kiberiti ni ganda la nyenje alilolivua, limepasuka mgongoni kwa mstari ulionyooka kabisa, na miguu ya mbele bado ina vijimeno. Alilikagua jioni nzima. Akaanza kuvaa ile lenzi shingoni kwa uzi.

Wiki ya tatu mtu kazini akaniuzia hadubini ya jicho moja ya mtoto wake aliyekua, ya chuma, 4, 10, 40. Nilihesabu mpaka sitini mbele yake, haikuteleza, akaniangalia kama kichaa. Siafu mzima kwenye hiyo kweli ni giza lenye ukingo, Mwalimu hukusema uongo. Ila bawa la nzi linapitisha mwanga vizuri sana, na limejaa vinywele.

Sasa swali jipya. Aliloweka majani makavu kwenye kikopo cha maji ya dimbwi kwa siku tano. Maji yananuka. Kwenye mara 100 kuna viumbe kama kengele, wamejishika kwenye kipande cha jani kwa kamba ndefu. Ukigonga meza, kamba inajikunja ghafla kama springi na kengele inashuka yote kwa pamoja, halafu inanyooka taratibu. Kachora kurasa nne. Ni nini?

#49 Nzi wa Maabara

Hiyo ni vorticella! Seli moja tu, mdomoni ina vinywele vinavyozungusha maji kuvuta bakteria. Hongera kwake. Kujikunja huko ni kati ya miendo ya kasi kabisa kwa kiumbe wa seli moja.

#50 Mzee Kioo

Au rotifa, mnyama mdogo sana wa majini. Nao hujishika kwa mguu na hujifupisha wakishtuka.

#51 Nzi wa Maabara

Rotifa hajikunji kama springi, anajiingiza ndani yake kama mkono wa darubini ya baharia.

#52 Mzee Kioo

Rotifa ana kitu kama magurudumu mawili kichwani, na tumboni utaona taya zinatafuna. Vorticella hana taya. Baba Siafu, hebu chungulia: kuna kinachotafuna au hakuna?

#53 Fundi Saa

Na hiyo meza msiigonge mkiwa kwenye lenzi ya 40.

#54 Baba Siafu

Nimemwomba nichungulie. Kaniambia zamu yangu bado.